Desa Halali

Wiki moja kabla ya mitihani, grupu la WhatsApp la darasa la chuo kikuu halilali. Saa tano usiku mtu anaandika: "Jamani, mwenye desa la Takwimu anirushie." Haziishi dakika tano, linaingia faili. Ni kitabu kizima cha kurasa mia sita na kitu, kimepigwa picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa. Jalada halimo, ukurasa wa hakimiliki haumo, na hapa na pale kidole gumba cha mpiga picha kimefunika mwisho wa mstari. Shukrani zinamiminika. Aliyeomba amepata, na wengine mia mbili ambao hawakuomba wamepata pia.

Katika baadhi ya magrupu ya siku hizi kuna namba moja ambayo si ya mwanafunzi wala ya mhadhiri. Ni ya mkutubi. Ameingizwa na CR, kiongozi wa darasa, au ameomba mwenyewe ili awe karibu na wasomaji wake. Ameliona lile faili likipita. Akikemea, darasa litafungua grupu jingine asilolijua, na hatawaona tena. Akinyamaza, mtu ambaye taaluma yake inamtaka alinde haki ya msomaji na haki ya mwandishi kwa pamoja atakuwa amekaa kimya moja ikivunjwa mbele yake.

Lipo jambo la tatu analoweza kufanya, na amekuwa na uwezo wa kulifanya kwa zaidi ya miaka 20.

Kwanza neno lenyewe, kwa kuwa msomaji wa Nairobi au Kampala huenda hajalizoea. Desa, kwa wanafunzi wa Tanzania, ni maandishi yanayopita mkono kwa mkono: muhtasari wa mihadhara, sura ya kitabu, maswali ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake. Kudesa ni kuyasoma au kuyanakili. Neno hilo lina sura mbili. Mwanafunzi akisema fulani amempa desa, anasifu wema. Mhadhiri akisema kazi hii umedesa, anashtaki wizi. Sijui neno jingine la chuoni linalobeba fadhila na hatia kwa pamoja namna hiyo, na nadhani limebeba hivyo kwa sababu hali yenyewe ndivyo ilivyo.

Niliikuta hali hiyo nikiwa mwanafunzi, kabla ya simu janja. Kitabu cha kiada cha kozi yetu kilikuwa kimoja, na darasa lilikuwa na watu mia na themanini. Kilikaa nyuma ya kaunta. Ulikiazima kwa saa mbili, ukaacha kitambulisho, ukakisoma mlemle ndani. Kufikia katikati ya muhula sura ya nne haikuwamo. Mtu aliichana akaondoka nayo. Hasira zetu zilimwangukia mchanaji, nasi hatukuuliza chuo kilitarajia kitabu kimoja kitoshe vipi watu wote wale. Kilichotuokoa ni steshenari ya nje ya geti. Mwenye duka alikuwa na maboksi yaliyoandikwa misimbo ya kozi, na ndani ya boksi letu mlikuwa na nakala mama ya kitabu chote, ikiwa na sura ya nne, iliyotolewa kopi na wanafunzi waliotutangulia. Bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likiingia, foleni ya pale ilikuwa ndefu kuliko ya maktaba. Nilifaulu kozi ile kwa kopi ya duka lile.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za duka moja la Delhi nilihisi kama nasoma habari za kwetu. Rameshwari Photocopy Services ni duka dogo lililokuwa ndani ya eneo la Delhi School of Economics, katika Chuo Kikuu cha Delhi, likifanya kazi kwa kibali cha chuo. Wahadhiri walipanga orodha ya masomo ya lazima, sura moja kutoka kitabu hiki, makala moja kutoka kile. Duka likatoa kopi, likazibana pamoja na kuwauzia wanafunzi kwa bei ya karatasi na wino na faida kidogo. Agosti 2012, wachapishaji watatu wakubwa, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walilipeleka duka hilo mahakamani pamoja na chuo chenyewe. Wasomi kwa mamia walipinga kesi hiyo, wakiwamo waandishi ambao kazi zao ndizo zilizokuwa zikitolewa kopi. Wachapishaji walisema wanawalinda waandishi, na baadhi ya waandishi haohao walikuwa upande wa pili.

Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ilitupilia mbali madai yale. Jaji alisema kwamba hakimiliki ni haki iliyotungwa na sheria kwa ajili ya kukuza maarifa, wala si haki ya asili isiyogusika, na sheria ya India inaruhusu kunakili kwa ajili ya kufundishia. Desemba mwaka huohuo jopo la rufaa lilikubaliana kwa sehemu kubwa na uamuzi huo. Machi 2017 wachapishaji wakajitoa kwenye kesi.

Nilifurahi. Lakini ushindi ule ni wa India. Umesimama juu ya kifungu kimoja cha sheria ya India na juu ya jaji aliyekisoma kwa moyo mpana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999, Kenya ina yake ya mwaka 2001, na kila moja ina misamaha yake kwa wanaofundisha na kujifunza. Kitabu kizima kilichopigwa picha na kurushwa kwa watu mia mbili usiku hakina pa kujificha katika misamaha hiyo. Mkutubi hawezi kumwambia mwanafunzi asubiri hadi jaji wa kwetu aandike hukumu kama ile ya Delhi. Anahitaji kitabu ambacho kurushwa kwake ni halali tangu siku kilipoandikwa.

Vitabu hivyo vipo. Mwaka 2000 kamati ya wahadhiri wa MIT, kule Massachusetts, ilikaa kutafuta namna chuo hicho kingeweza kunufaika na intaneti. Wakati huo vyuo vingi vya Marekani viliota kuuza kozi mtandaoni. Kamati ilirudi na ushauri ambao haukutegemewa: maandishi ya kozi yatolewe bure kwa dunia nzima. Aprili 2001 rais wa chuo, Charles Vest, alitangaza mpango huo, na mwaka uliofuata kozi 50 za kwanza zilikuwa hewani. Julai 2002 UNESCO iliwakutanisha wataalamu Paris kujadili mipango ya namna hiyo ina maana gani kwa nchi zinazoendelea, na hapo ndipo jina lilipozaliwa, ambalo kwa Kiswahili tunasema rasilimali huria za elimu. Desemba 2002 shirika la Creative Commons lilitoa leseni zake za kwanza. Miezi ishirini tu, na vitu vitatu vilikuwa mezani: mfano, jina, na sheria ya kuvishikilia.

Hicho cha tatu ndicho kinachomhusu mkutubi zaidi. Wengi wanadhani kilicho huria ni kilicho bure. Kitu kinaweza kuwa bure leo na kesho kikafungwa, au kikawa bure kusoma na haramu kugawa. Leseni huria ni ruhusa ya maandishi ambayo mwenye kazi ameitoa mapema, kwa kila mtu, bila kuombwa, na ambayo haiwezi kubatilishwa kwa aliyekwisha kuipokea na kuyafuata masharti yake. David Wiley, mwalimu wa Marekani aliyelifikiria sana jambo hili, ameeleza haki tano zinazokuja na ruhusa ya kweli: kubaki na nakala yako, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine, na kuigawa. Hiyo ya kubaki na nakala aliiongeza mwaka 2014, baada ya kuona vitabu vya mtandaoni vinavyokodishwa kwa muhula mmoja kisha vikafutika. Atakayeyasoma hayo matano polepole ataona kwamba ni maelezo ya desa. Mwanafunzi hukaa nalo, hulisoma, huongeza maelezo yake pembeni, hulichanganya na la mwenzake, hulirusha. Leseni imelichukua tendo lilelile la usiku wa manane na kuliondolea mashitaka.

Hata hivyo leseni za Creative Commons hazifanani, na hapa kazi ya mkutubi inakuwa ya kitaalamu hasa. Zipo sita, zimejengwa kwa herufi chache. BY inataka mwandishi atajwe. Zote sita zina sharti hilo. SA inataka anayeirekebisha kazi aitoe kwa masharti yaleyale aliyoipokea nayo. NC inakataza biashara. ND inakataza kugawa kazi iliyobadilishwa. Ukurasa wa kwanza wa kitabu ukiandikwa CC BY-SA, au CC BY-NC-ND, kila herufi inaamua kitu ambacho mwanafunzi atafanya kesho asubuhi.

Chukua NC. Mwanafunzi ana kitabu halali chenye herufi hizo ndani ya simu, lakini hasomi vizuri kwenye kioo kidogo, anataka karatasi. Anakwenda steshenari. Mwenye duka anatoza kwa ukurasa. Je, hiyo si biashara? Swali hili lilifika mahakamani Marekani. Shirika la Great Minds lilitoa mtaala wake wa hisabati, Eureka Math, kwa leseni yenye NC. Wilaya za shule zikapeleka faili kwenye maduka ya FedEx Office, yakachapa kwa malipo, na Great Minds likashitaki. Machi 2018 mahakama ya rufaa ya New York ilisema kwamba anayeitumia leseni ni shule, nayo haifanyi biashara. Duka ni mkono wake tu. Desemba 2019 mahakama ya rufaa ya upande wa California ilifikia uamuzi wa namna hiyohiyo katika kesi dhidi ya Office Depot. Hukumu hizo hazimfungi jaji wa Dar es Salaam wala wa Kisumu, ila zinampa mkutubi wa hapa hoja ya kusimamia anapomwambia mwanafunzi: nenda ukachapishe, mwenye duka anakusaidia tu kutumia ruhusa uliyopewa. Anachopaswa kumkataza mwenye duka ni kuchapa nakala hamsini kwa hiari yake na kuziweka rafuni aziuze.

ND ndiyo inayoniuma mimi binafsi. Tafsiri ni mabadiliko. Kitabu chenye ND hutakiwi kukigawa kwa Kiswahili bila kurudi kwa mwenyewe kuomba, hata kama kimetolewa bure kwa moyo safi kabisa. Mwandishi aliyeweka herufi hizo pengine alitaka tu maneno yake yasipotoshwe. Hakufikiria kwamba anamfungia mlango msomaji wa lugha nyingine. Kila mkutubi wa Afrika Mashariki anayekusanya vitabu huria anapaswa kuanza kwa kuvitenga vyenye ND, kwa sababu hivyo haviwezi kuwa vyetu zaidi ya vilivyo.

Na vinavyoweza kuwa vyetu vimekwisha kuonyesha vinafanya nini. Mwaka 2005 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzisha pamoja na vyuo vya Afrika, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na Egerton cha Kenya, mpango wa TESSA wa kuwaandaa walimu wa shule za msingi. Maandishi yake yalitolewa kwa leseni huria, na kwa sababu hiyo kila nchi iliyarekebisha. Yakapatikana kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili, na mifano ya darasani ikabadilishwa ili mwalimu aone mazao na wanafunzi anaowajua. Mwaka 2014 shirika la Saide la Afrika Kusini lilizindua African Storybook, hadithi fupi za watoto zenye picha, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitafsiri na kuzichapa. Hadithi iliyoandikwa kwa lugha moja ya Uganda inasomwa leo kwa Kiswahili, na mwalimu aliyeitafsiri hakulazimika kumwomba mtu. Chuo chenye kitivo cha elimu ambacho maktaba yake haijawahi kuwaonyesha wanafunzi hazina hizi mbili kinawanyima kitu ambacho tayari ni chao.

Ila kuwa na hazina si kuonekana. Maktaba nyingi zimetengeneza ukurasa kwenye tovuti ya chuo wenye orodha ndefu ya viungo, na ukurasa huo hautembelewi. Mwanafunzi hayupo pale. Yupo kwenye WhatsApp, Telegram, Instagram, YouTube. Mkutubi akaifuata mitandao hiyo, na hapo kukazaliwa tatizo jingine. Nimepitia kurasa za mitandao ya kijamii za maktaba nyingi za vyuo vyetu, na ninachokiona kinanisikitisha. Picha za ugeni uliotembelea maktaba. Picha za washiriki wa semina wamesimama kwa mistari mitatu. Tangazo kwamba Jumamosi tutafungua saa tatu. Salamu za sikukuu. Hayo yote yana mahali pake, lakini mwanafunzi mwenye mtihani wa Takwimu hajapata cha kusoma.

Mkutubi anayejua kazi hii hufanya vitu vidogo. Anachukua muhtasari wa kozi kutoka kwa mhadhiri kabla muhula haujaanza. Anatafuta kitabu huria kinacholingana nao. Kwa Takwimu, Fizikia au Biolojia ya mwaka wa kwanza atakipata OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, ambao umekuwa ukitoa vitabu vya kiada vya leseni huria tangu 2012. Harushi kitabu chote. Anakata sura ya wiki hiyo, anapunguza uzito wa faili lishuke hadi megabaiti mbili au tatu, kwa sababu anajua mwanafunzi ameunga bando la siku na mwisho wa siku linakata. Anamkabidhi CR, si kwa kiburi cha ofisi bali kwa sababu faili linalotoka kwa CR hufunguliwa. Na juu yake anaandika mistari miwili: hii ni sura ya tatu ya kitabu fulani, cha fulani, leseni ni hii, una ruhusa ya kuirusha, kuichapa na kuitafsiri. Mstari huo wa ruhusa ndio somo lenyewe. Mwanafunzi aliyeusoma mara kumi ataanza kuuliza, kwa kila faili linaloingia, leseni yake iko wapi.

Wakati ni nusu ya kazi. Faili la wiki ya pili ya muhula husomwa. La wiki ya mitihani huhifadhiwa tu. Hata ukubwa wa grupu una uzito wake: hadi mwanzoni mwa 2022 grupu la WhatsApp halikupita watu 256, na darasa la watu mia sita liligawanyika magrupu matatu yenye maneno matatu tofauti. Mwishoni mwa mwaka huo kiwango kilifika 1,024, na mkutubi akaweza kusema jambo mara moja.

Machi 2020 ilitupima sote. Corona ilipofika, vyuo vya Tanzania vilifungwa katikati ya mwezi huo na havikufunguliwa hadi Juni 1. Wanafunzi walirudi Songea, Kigoma, Pemba. Vitabu vya karatasi vilibaki kwenye rafu na milango ikafungwa kwa kufuli. Katika siku zile kitabu pekee cha maktaba kilichoweza kusafiri hadi kijijini ni kile kilichokuwa na ruhusa ya kusafiri. Kule Marekani, maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ilijaribu njia nyingine: ilifungua maktaba ya dharura ya vitabu vilivyoskaniwa, kila mmoja aazime bila kusubiri zamu. Wachapishaji wanne walishitaki, na Archive ikashindwa mwaka 2023 na tena kwenye rufaa mwaka 2024. Nia ya Archive ilikuwa njema sana. Vitabu havikuwa na leseni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapenzi wa mitandao hawapendi kulisikia. WhatsApp, Facebook, X na nyinginezo ni nyumba za kupanga. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, na mwenye kitongoji ni serikali. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kutumia mitandao ya kijamii. Ilidumu hadi 2021, ikabadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa kabisa nchini humo, na ilibaki imefungwa uchaguzi ukiisha. Hebu fikiria maktaba ya chuo iliyokuwa imejenga ukurasa wake huko kwa miaka kumi, yenye wafuasi wake, majibu yake ya maswali, miongozo yake ya kutafuta makala. Tanzania nayo ilifunga X Mei 2025. Mkutubi hana uwezo juu ya hayo, na asiyapange maisha ya maktaba kana kwamba hayatatokea.

Kwa hiyo hazina ikae kwako. Mwaka 2002, mwaka uleule wa leseni, MIT na kampuni ya Hewlett-Packard walitoa DSpace, programu huria ya kuhifadhi kazi za chuo. Leo imeenea katika vyuo vya Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinahifadhi tasnifu na makala za watu wake humo, na yeyote anaweza kuzisoma. Kilichomo katika hifadhi ya namna hiyo kina anwani isiyobadilika. Mtandao wa kijamii unakuwa mpiga mbiu anayepita mitaani, na mzigo unabaki ghalani. Mpiga mbiu akinyamazishwa, ghala lipo.

Neno ghala linanikumbusha eGranary, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Iowa na mradi wa WiderNet, ambayo jina lake lina maana hiyohiyo. Kabla ya nyaya za baharini, chuo kizima cha kwetu kilipumua kwa kamba nyembamba ya setilaiti. Wenye eGranary walinakili mamilioni ya kurasa zenye ruhusa, wakazipakia kwenye diski kuu na kuituma chuoni, ikasomwa kwenye mtandao wa ndani bila intaneti. Wengine waliona ni suluhisho la zama zilizopita pale waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Mimi sikubaliani. Mwanafunzi asiye na bando leo yuko pale chuo kilipokuwa mwaka 2005. Kompyuta moja ndani ya maktaba yenye vitabu huria, inayorusha Wi-Fi ya bure ya umbali wa ukumbi mmoja, ingali inastahili nafasi yake.

Lipo kosa moja ambalo wakutubi wenyewe hulifanya kwa huruma. Research4Life, ambayo mzizi wake ni HINARI iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwaka 2002, inazipa taasisi za nchi kama Tanzania majarida ya kisayansi bila malipo, kwa nywila ya taasisi. Masharti yanakataza kuiweka hadharani. Lakini nywila hurushwa kwenye magrupu, inatoka grupu hadi grupu, hadi inafika kwa watu wasiohusika, na mlango ukifungwa unafungwa kwa daktari na mtafiti waliokuwa na haki nao. Mwanafunzi hawezi kutofautisha kitu kilichokopeshwa kwa taasisi na kitu kilichotolewa kwa dunia. Mkutubi lazima aweze, na aeleze tofauti hiyo kila muhula, maana kila muhula kuna sura mpya.

Na yeye mwenyewe analindwaje? Anajibu maswali saa nne usiku kwa simu yake, kwa bando lake, na namba yake binafsi imeenea kwa watu elfu moja. Kazi hiyo mara nyingi haimo katika mkataba wake wala haihesabiwi anapopimwa kupanda cheo. Vyuo vinavyotaka huduma hii vinunue simu ya ofisi, vilipe bando, na viandike saa za zamu. Ni gharama ndogo kuliko bei ya mwaka mmoja ya jarida moja la kigeni.

Mwisho, mhadhiri. Kila nilichokisema kinamtegemea mkutubi atafute kazi za wengine zilizofunguliwa, na nyingi zimeandikwa mbali, kwa mifano ya mbali. Mnamo Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo la rasilimali huria za elimu, na mojawapo ya mambo yake makuu ni kuwajengea watu uwezo wa kuzitunga. Maandishi ya mihadhara yako ya miaka kumi yamekwisha kuwa desa; yamo katika boksi la steshenari lenye msimbo wa kozi yako, na yamo katika simu za wanafunzi ambao hutawahi kuwafundisha. Hupati chochote kwa kuyaacha bila jina. Fungua faili la kwanza leo. Andika jina lako na mwaka, na chini yake herufi nne na namba ya toleo, CC BY 4.0. Kisha mtumie mkutubi wa chuo chako.